Setapu zinazotuma mtoto dukani kununua chumvi iliyopo jikoni

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na vijana wanaotengeneza programu za biashara hapa nchini kuhusu setapu zao, yaani mafaili ya kuinstoo programu kwenye kompyuta. Mimi ni fundi kompyuta, nina kibanda Kiborloni, Moshi, mwaka wa 11 sasa. Watu hudhani nashinda nikichomelea mashine zilizoungua, kumbe siku nyingi nashinda nikiinstoo: programu za maduka ya dawa, za vikoba, za vyama vya kahawa vya huko juu Uru na Kibosho. Programu huja kwenye fleshi, mtengenezaji yuko mjini kwake, na ikigoma lawama ni zangu.

Mwezi uliopita niliitwa na mama mmoja mwenye duka la dawa Majengo. Nilipofika hata shikamoo yangu hakuiitikia vizuri. "Fundi, hii kitu imenila bando mara tatu." Setapu ilikuwa inamwambia kompyuta yake haina .NET Framework 4.8, nyongeza ya Microsoft ambayo programu nyingi huiegemea, akaishushe kwanza. Mzigo wenyewe unazidi megabaiti 100. Anaushusha, anaufungua, unamjibu kwamba tayari imo ndani ya Windows. Akirudi kwenye setapu, setapu inasema haimo. Na yeye kila mara aliamini kosa ni lake, ndiyo maana akarudia.

Nikafungua rejesta ya Windows, yaani daftari lake la ndani la kumbukumbu za kilichomo, nikafuata njia inayojulikana: SOFTWARE, Microsoft, NET Framework Setup, NDP, v4, halafu Full. Hapo kuna thamani inaitwa Release, na kwa mama ilikuwa 528372. Nikachukua setapu yenyewe, lile faili la msi, nikalifungua kwa Orca, kifaa cha Microsoft cha kuchungulia majedwali ya ndani ya msi. Nikakuta sharti limeandikwa kwamba Release iwe sawa na 528040. Namba hiyo ni ya Windows 10 iliyotoka Mei 2019. Iliyotoka Mei 2020 ina 528372, na .NET ni ileile 4.8. Microsoft wenyewe wameeleza kwamba ulinganishe kwa "sawa au zaidi". Kijana wetu aliandika namba aliyoiona kwenye mashine yake siku hiyo, basi. Nilibadilisha alama moja tu kwenye sharti, programu ikaingia. Mama alinilipa, ila bando lake hakuna wa kumrudishia.

Hata mama wa nyumbani hufungua kabati kabla ya kumtuma mtoto dukani. Windows Installer, sehemu ya Windows inayoendesha mafaili ya msi, ina kabati lake: jedwali la AppSearch na wenzake, ambalo kazi yake ni kupekua mashine mapema, kabla ya masharti kupimwa. Linapekua rejesta, folda, mafaili, hata toleo la faili. Nyenzo zipo, mojawapo ni WiX, programu ya chanzo huria ya kutengenezea setapu. Tatizo ni kwamba watu wanapekua kopo moja wakikosa wanatangaza chumvi imekwisha.

Mfano wa kopo moja niliukuta kwenye ofisi ya chama kimoja cha msingi cha kahawa. Setapu ilitafuta draiva ya hifadhidata, yaani kiunganishi cha programu na data zake, ikasema haipo, na mimi naiona kwa macho yangu. Ilikuwa ya biti 64. Windows ya biti 64 hutunza sehemu mbili za rejesta, na upekuzi usioambiwa lolote huangalia ile ya biti 32 peke yake, inayokaa chini ya WOW6432Node. Dawa yake ni kuongeza 16 kwenye safu ya Type ya jedwali la RegLocator, mmoja wa wale wenzake AppSearch, 2 inakuwa 18. Ndiyo hiyo tu. Lakini karani wa chama atajuaje? Msimu wa kahawa umeanza, wakulima wamepanga foleni na magunia, yeye anaandika kwenye daftari.

Lililoniuma zaidi ni la mzee mmoja muuza vifaa vya ujenzi karibu na soko la Mbuyuni. Data zake nilikuwa nimeziweka diski D kwa sababu C ilikuwa imejaa. Likaja toleo jipya, setapu haikutafuta toleo la zamani liko wapi, ikajiweka C na kufungua daftari jeupe. Mzee alishika kichwa. Wadeni wote hawapo! Data zilikuwa salama D, lakini ilinichukua nusu saa kumtuliza kabla hata sijagusa kibodi. Setapu ingeandika mahali ilipojiweka kwenye rejesta siku ya kwanza, na toleo jipya likapekua hapo kwanza, tusingefika huko. Na jina la kigezo (property) kinachobeba jibu la upekuzi liwe la herufi kubwa tupu, maana AppSearch inataka kigezo cha wazi (public property), na kigezo cha wazi hakina herufi ndogo hata moja.

Kijana mmoja nilimpigia simu kumweleza haya, akanisikiliza vizuri, akaenda akatengeneza setapu inayopekua diski zote za mashine nzima. Nilikunywa chai nikamaliza, bado inatafuta. Mdogo wangu, taja folda ya kuanzia na ngazi za kushuka, usiiache izurure.

Sina ugomvi na yeyote na majina ya kampuni nayahifadhi. Ila nina hakika setapu hizi zilijaribiwa kwenye laptopu mpya ya mtengenezaji, ambayo kila kitu kimo, zikapita. Wateja wetu wanatumia mashine za mtumba. Moja ina Windows 7, nyingine ilipandishwa Windows 10 juujuu, nyingine ina mabaki ya programu nne za wamiliki waliopita.

Kibandani kwangu ninazo tatu za namna hiyo, nimezitunza makusudi. Anayetengeneza programu aje na fleshi yake siku yoyote isipokuwa Jumapili, ajaribu setapu yake kabla ya kuiuza. Sitozi kitu, umeme nalipa mimi.

Fundi kompyuta,
Kiborloni, Moshi