Majani ya pilipili, Jumamosi asubuhi

Asalaam aleikum wanakikundi. Jumamosi kila mtu aje na majani machanga ya mpilipili wake, yale ya kileleni, si makuukuu. Yafungeni kwa karatasi kavu. Mkiyatia kwenye nailoni yataoza kabla hamjavuka Likoni. Tafadhalini, msichanganye mashina mawili kwenye karatasi moja. Andikeni jina mnaloliita nyumbani na mbegu ilikotoka.

Maabarani wataangalia alama za DNA, yale maandishi ya urithi yaliyo ndani ya mmea: herufi chache zinazojirudia, mfano GAGAGA, mara nyingi kwa mmea huu, mara chache kwa ule. Pilipili mbuzi ya Kisauni na ya Mtongwe kwa macho ni zilezile, lakini huenda kinasaba zikawa mbalimbali. Mbegu hizi mama zetu wamezitunza kwa miaka, nazo zinapotea. Wenye pilipili kichaa za zamani, nawasubiri hasa nyinyi.