Barua kwa mdogo wangu uliyehamishiwa Lindi: mboga unazikanyaga

Mdogo wangu, za joto? Huku Mbeya baridi ya mwezi wa sita imeshaingia, maji ya bomba asubuhi hayashikiki. Ila leo sijaja na habari za baridi, nimekuja sababu kila ukipiga simu ni kulalamika tu, dada mboga huku ghali, dada nitumie mnafu uliokaushwa, dada nimekumbuka majani ya maboga, sasa nakujibu hapa hadharani ili na wenzako waliotoka nyanda za juu wakapangiwa pwani wasome.

Ule mmea unaotambaa kwenye mchanga juu kidogo ya maji yanapofikia, vishina vyekundu, majani manene yamejaa maji, kiua kidogo cha pinki, ndo mboga pwani hiyo. Kitaalamu Sesuvium portulacastrum, usijisumbue kukariri. Tafuna jani bichi uone, linapasuka mdomoni na chumvi inakuja yenyewe, maana mmea wenyewe unaishi kwa maji ya bahari na chumvi unaitunza kwenye majani.

Mama mkwe wangu ni mtu wa huko huko, yeye anachuma ncha changa tu, anaosha weee mpaka mchanga uishe, anachemsha anamwaga maji, anachemsha tena anamwaga. Hapo usifanye uvivu, chumvi ni nyingi na ina oksaleti, kemikali inayochangia mawe ya figo, mwenye mawe hayo bora aache kabisa. Baada ya hapo kitunguu, nyanya, tui zito basi. Kopo la chumvi lisisogee jikoni! Nilimuuliza vipi nikitia karanga za kutwanga kama kwetu akacheka sana, ila wewe jaribu, hayupo hapo.

Wafilipino wanaiita dampalit, wanaitia kwenye siki inakuwa achari, na mabaharia wa zamani walikuwa wanaila kujikinga na kiseyeye.

Ila usichume karibu na bandari wala mfereji wa maji machafu, huo mmea unafyonza mpaka madini mazito, ndo maana watafiti wanaujaribu kusafishia udongo ulioharibika. Na usiung'oe, vunja ncha tu, kila kifundo kinachogusa mchanga kinatoa mizizi na ndo inayoshikilia huo ufukwe wenu.

Mnafu nitatuma, nusu kilo tu, na hela ya kifurushi kwenye basi unalipa wewe.

Dada yako