Waandishi wa katuni, mashujaa hawa mmekabidhiwa amana

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nijibu hoja ninayoisikia kila mara kutoka kwa wasomaji wenzangu wa katuni za Marekani: kwamba mashujaa wa zamani wamechuja, na mwandishi wa leo hana budi kuwavunjavunja ndipo wasomeke. Sikubaliani nayo hata kidogo.

Sipingi mabadiliko. Jerry Siegel na Joe Shuster walipomtoa Superman mwaka 1938, hakuwa akipaa. Alikuwa akiruka juu ya maghorofa na kutua chini. Kupaa kulikuja baadaye na hakuna aliyelalamika. Wala sipingi majonzi. Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, alipokufa mwaka 1973, kifo kile kilitokana na shujaa huyo jinsi alivyo: alimrushia utando ili amwokoe, na jitihada hiyohiyo ikachangia kumuua. Inauma mpaka leo, lakini ni yeye.

Kinachonikera ni walichomfanyia Wally West. Huyu tulimwona akikua. Alianza mwaka 1959 akiwa kijana mdogo, shangazi yake Iris ndiye mchumba wa Barry Allen, yaani Flash, shujaa mwenye mbio za ajabu. Barry alipojitoa mhanga mwaka 1985, Wally akalivaa vazi jekundu huku akijiona hatoshi, na ilimchukua miaka mingi ya matoleo mpaka akatosha kweli. Akamwoa Linda Park, wakapata watoto. Ni mashujaa wachache sana walioruhusiwa kutoka utoto hadi ubaba mbele ya macho yetu.

Mwaka 2018 ikatoka Heroes in Crisis. Wazo lake zuri mno: pana mahali pa siri ambapo mashujaa wanatibiwa majeraha ya moyo. Niliisoma kwa hamu. Kumbe Wally, akiwa humo kwa huzuni ya kupoteza familia yake, nguvu zinamponyoka na wenzake wanakufa. Hilo ningelimeza, ni ajali. Lakini anachofanya baadaye ni kuchezea maiti na ushahidi ili lawama ziwaangukie Booster Gold na Harley Quinn, wenzake waliokuwa humo. Niliurudia ukurasa ule nikitafuta dalili kwamba ni adui aliyejigeuza sura yake. Hapakuwa na adui. Palikuwa na mwandishi aliyehitaji muuaji ambaye hakuna atakayemshuku, na msomaji humshuku nani kidogo kuliko mtu mwema?

Mwaka 2021 mwandishi mwingine akalazimika kumsafisha, ikaelezwa kwamba kosa halikuwa lake. Tulishayaona haya. Hal Jordan, yule Green Lantern, shujaa mwenye pete ya nguvu, mwaka 1994 aligeuzwa muuaji wa wenzake baada ya mji wake kuteketezwa. Ilipofika 2004 tukaambiwa kumbe kulikuwa na zimwi limemwingia. Nafurahi walirudishwa, lakini tazameni hasara yake: dhambi imefutwa, kwa hiyo haina uzito, na toba nayo haina maana kwa sababu hapakuwa na mkosaji. Mmoja anabomoa ili toleo lake lizungumzwe, mwenzake anatumia miaka kuzoa kifusi badala ya kusimulia hadithi yake mwenyewe.

Na asiniambie mtu kwamba wema hauandikiki siku hizi. Katika All-Star Superman ya Grant Morrison na Frank Quitely, iliyotoka kati ya 2005 na 2008, pana ukurasa mmoja tu wa binti aliyesimama ukingoni mwa jengo refu, anataka kujirusha. Superman anatokea nyuma yake, anamshika bega, anamwambia kwamba daktari wake hakumtupa, kweli alicheleweshwa, na kwamba ana nguvu kuliko anavyodhani. Wanakumbatiana. Hakuna ngumi, hakuna jengo linaloporomoka, na Superman mwenyewe wakati huo anakufa polepole. Ni kazi ya kisasa kabisa, na hakuna kilichovunjwa ili iandikwe.

Ombi langu kwa wahariri wa kampuni za katuni ni hili: kabla hamjamkabidhi mtu shujaa mwenye miaka hamsini au themanini, mwulizeni anampendea nini. Akikosa jibu, mpeni kazi nyingine. Na akitaka mtu wa kuua kisha kuwasingizia wenzake, aumbe wake mpya, ampe jina na vazi lake, tutamsoma.

Msomaji wa katuni tangu utotoni