Darubini iache mkobani kwanza

Jambiani, Unguja

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Barua yako imenifika, na nimefurahi kusikia mwalimu mkuu amekupa kipindi, na kinamama wa kikoba nao wanataka uwazungumzie habari za nyota. Waniuliza uanzie wapi. Anzia kwenye wanachokijua wao. Darubini iache mkobani mpaka waiulizie wenyewe.

Mimi kinamama wa mwani siwaanzii na sayari. Nawauliza bamvua, yale maji makuu yanayojaa na kupwa sana, inaanza lini, na wote hujibu kwa mpigo, maana maji yakipwa sana ndipo wanapovifikia vizuri vigingi vyao. Wanajua pia kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Kazi yangu ni kuongeza sababu tu: siku hizo jua, dunia na mwezi hujipanga karibu mstari mmoja, mvuto wa jua ukasaidiana na wa mwezi, na bahari yetu ikapanda na kushuka karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavutia upande wake, ndiyo maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana.

Siku moja mama mmoja akanikatiza: mwezi mpevu si uko upande wa pili wa jua? Mbona wasipunguziane nguvu? Wallahi, nilitamani awe mwanafunzi wangu. Nikamweleza kwamba maji yaliyo upande wa mwezi huvutwa zaidi kuliko dunia yenyewe, na dunia huvutwa zaidi kuliko maji ya upande wa nyuma, kwa hiyo bahari hutuna pande zote mbili. Jua nalo hufanya vivyo hivyo. Tukachora mchangani mpaka maji yakaanza kujaa.

Kwenu Songea hakuna bamvua, lakini mna wakulima. Waulize wazee habari za Kilimia, kile kishada cha nyota. Mwezi wa Novemba utakiona kikichomoza jioni upande wa mashariki, wakati watu wanatazamia mvua. Ukishasikia yao, ndipo uwaambie kwamba mwanga wa nyota zile umesafiri zaidi ya miaka 400 kabla ya kufika kwenye macho yao.

Watoto ni rahisi zaidi, ila shule hufungwa mchana na nyota hutoka usiku, kwa hiyo tafuta la kufanya juani. Chukua mpira wa miguu uwe dunia, na ndimu kubwa iwe mwezi, kisha mwite mtoto aiweke mahali pake. Wengi wataiweka hatua moja tu kutoka kwenye mpira. Wape kamba ya karibu mita 7, waone wenyewe. Wakiuliza kuhusu jua, waambie kwa kipimo hicho lingekuwa na upana wa mita 24, na wangelifuata kwa miguu zaidi ya kilomita mbili na nusu.

Kingine ni kijiti kisicho na kivuli. Kwetu jua hupita juu ya utosi mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba. Kwenu itakuwa karibu na tarehe 20 Februari na 21 Oktoba. Msingoje saa sita kamili: Oktoba hapa kivuli hupotea saa sita na dakika kumi hivi, na Machi ni baada ya saa sita na nusu. Chomekeni kijiti wima, watoto waweke alama kila baada ya dakika chache. Watabishana sana, waache.

Utaulizwa pia mambo mawili mazito. La kwanza ni la kutazamiwa nyota: sema kwa upole kwamba wewe hupigi ramli, kisha endelea. La pili ni mwezi wa Idi. Wakati mwezi unapokutana na jua hujulikana miaka mingi kabla, ila kuuona mwezi mwandamo hutegemea umri wake, kimo chake baada ya magharibi, na mawingu. Eleza hayo uishie hapo. Kuamua si kazi yetu.

Kuhusu darubini, usinunue zile za bei chee zenye miguu inayotetemeka. Darubini ya macho mawili, ile ya 10 kwa 50 (inakuza mara 10, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50), inatosha kuonyesha mashimo ya mwezi na miezi minne ya sayari ya Mshtarii, yaani Jupita, mradi uegemeze viwiko. Ila mchana ifungie kabatini, mtoto asije akailekeza kwenye jua.

Nisalimie mama na wote hapo nyumbani. Ukishapangiwa tarehe niandikie, nikutumie ile kamba yangu yenye mafundo ya vipimo.

Wako,
shoga yako wa Jambiani