Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Kaunti yetu hapa Virginia: lile rundo la mawe lisiguswe

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu nyingi. Naandika kwa Kiswahili manake kwa Kiingereza nimeshakuandikia mara nne na hujajibu hata moja, nikasema pengine lugha ndo shida.

Jumamosi trekta la kaunti limeingia kwenye makaburi ya nyuma ya kanisa, likafyeka, sawa, kufyeka tuliomba wenyewe, lakini dereva kazoa na mawe yote kayarundika kando ya barabara kama kifusi. Mheshimiwa, kile sio kifusi. Watumwa na watoto wao hela ya marumaru wangetoa wapi, waliokota jiwe shambani wakalisimamisha kichwani na lingine miguuni basi, hata kwetu Kilifi makaburi kibao yako hivo na hakuna anayeyaita takataka.

Mama mkwe wangu ana miaka 81 na amezeeka akitafuta watu wake kwenye makaratasi. Sensa ya 1870 ndo ya kwanza kuwaandika waliokuwa watumwa kwa majina, ukirudi ile ya 1860 unakuta jina la bwana halafu chini yake mistari: mwanamke, miaka 30, mweusi. Kwisha. Ng'ombe wa shangazi yangu wana majina, Mheshimiwa. Kwa hiyo mama karatasi zimemgomea hapo, kilichobaki ni jiwe la tatu kutoka kwenye mti wa mwerezi, nyanya yake alimshika mkono akamwonyesha akiwa mtoto akamwambia huyu ndo mama yetu. Sasa la tatu ni lipi kwenye rundo?

Na uzio si uliahidi wewe, siku ile kanisani unaomba kura, sahani ya pili ya kuku mkononi, mi nilikuwepo. Baadaye tukaambiwa bajeti. Jimbo hilihili limelipia makaburi ya askari wa Kusini, wale waliopigana upande wa kutetea utumwa, miaka na miaka, ya Weusi likayakumbuka kwa sheria 2017, na mwisho wa 2022 serikali kuu nayo ikapitisha sheria ya ruzuku kwa makaburi kama haya. Kuna mtu ofisini kwako amejaza fomu hata moja? Mi nahisi ni zile nyumba mpya zinazojengwa kule juu, zinataka njia ipite hapo, kama nasingizia nisamehe lakini basi tuelezeni.

Uzio tutaudai siku nyingine. Hata kuomba radhi acha. Tumesikia lori linakuja wiki hii kuzoa, lizuie tu, Mheshimiwa, simu moja. Mama anasema jiwe lake lina ufa ubavuni na atalijua kwa kulipapasa, tutamleta na kiti chake akae hapo tumpitishie moja moja hata ikichukua siku nzima. Lori lisije. Tafadhali lisije.

Mimi mkwe wao, mtu wa Kilifi