Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Siku Kati ya Mlango na Dozi

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Wizara ya Afya,
Dodoma.

YAH: JAMBO LA KUTAZAMWA ULAYA KATIKA TIBA YA URAIBU WA DAWA ZA KULEVYA

Mheshimiwa Waziri,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka kumi na minne sasa naishi Zurich, Uswisi, nikihudumia watu wenye uraibu wa heroini. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninapozungumza na wenzetu wanaokuja Ulaya kujifunza habari hizi, naona wanauliza sana kuhusu sheria na adhabu, na wanaondoka bila kuuliza swali ambalo kwa uzoefu wangu ndilo linaloamua nani atapata nafuu na nani atazikwa. Swali lenyewe ni hili: tangu siku mraibu anapofika mlangoni kwa miguu yake na kusema amechoka, zinapita siku ngapi kabla hajapewa dozi yake ya kwanza ya dawa ya tiba?

Nianze na mji ninaokaa. Nyuma ya Makumbusho ya Taifa, hatua chache kutoka stesheni kuu ya treni, ipo bustani iitwayo Platzspitz, mahali mito ya Limmat na Sihl inapokutana. Leo watu hupumzika hapo na watoto wao, lakini kuanzia mwaka 1987 hadi mwanzoni mwa 1992 ilikuwa soko la wazi la heroini lililokusanya hadi watu elfu kadhaa kwa siku, wengine wakitoka nchi za jirani. Walijidunga hadharani, walizidiwa na kuanguka kwenye nyasi, na virusi vya Ukimwi vilisambaa kwa kuchangia sindano. Katikati ya miaka ya themanini mamlaka ya afya ya jimbo ilikuwa imewakataza madaktari kugawa mabomba safi ya sindano, kwa hoja ambayo hata kwetu tumeizoea, kwamba kumpa mraibu sindano ni kumpa ruhusa. Madaktari walikaidi, marufuku ikaondolewa, na baadaye ndani ya bustani hiyo hiyo wahudumu wa afya wakawa wanabadilisha maelfu ya mabomba kila siku na kuwarudishia pumzi waliozidiwa.

Mwezi Februari 1992 bustani ikafungwa. Waraibu hawakupona kwa kufungiwa geti. Walitawanyika kwenye mitaa ya makazi, wakaingia kwenye korido za nyumba za watu, kisha wakajikusanya upya katika stesheni ya reli iliyokuwa imeachwa, Letten, umbali mfupi tu ukifuata mto, na mambo yakawa mabaya kuliko mwanzo. Mwezi Februari 1995 Letten nayo ikafungwa, na safari hii soko halikurudi. Polisi walikuwa wale wale na heroini ilikuwa ile ile. Tofauti ni kwamba safari ya pili huduma zilitangulia uzio: tiba ya methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza kiu ya heroini, ilikuwa imepanuliwa, vyumba vya kutumia dawa chini ya uangalizi, ambavyo mji wa Bern ulianza navyo mwaka 1986, vilikuwa vimefunguliwa, na tangu Januari 1994 majaribio ya kuwapa heroini safi ya hospitali wale walioshindwa na tiba nyingine yalikuwa yameshaanza. Tena kila manispaa ililazimika kuwapokea na kuwahudumia watu wake waliokuwa wakikimbilia Zurich. Siasa yote hiyo wao wanaiita nguzo nne, yaani kinga, tiba, upunguzaji wa madhara na nguvu ya sheria, na Bi. Ruth Dreifuss, aliyekuwa na dhamana ya afya katika serikali ya shirikisho tangu mwaka 1993, aliitetea mbele ya wananchi waliokuwa na hofu ya haki kabisa. Mwaka 2008 wananchi hao, kwa asilimia 68 ya kura, waliifanya kuwa sheria ya kudumu. Watafiti waliokadiria idadi ya watu wanaoanza heroini kila mwaka katika jimbo la Zurich waliona ikishuka kutoka 850 mwaka 1990 hadi 150 mwaka 2002.

Najua maneno "heroini ya hospitali" yanashtua. Yalinishtua na mimi, niliyelelewa na bibi asiyeruhusu hata sigara kuingia uani. Kwa hiyo naomba nikueleze ninachokiona kwa macho. Katika zamu yangu ya asubuhi huja mzee mmoja wa miaka sitini na kitu, fundi seremala, ambaye ujanani alilala Platzspitz. Anapuliza kwanza kwenye kipimo cha pombe, kwa sababu pombe na heroini pamoja huzima pumzi. Ananawa mikono, anakaa, nami namkabidhi bomba lililopimwa kwa jina lake. Anajidunga mbele yangu, anakandamiza pamba, kisha tunakaa nikimwangalia anavyopumua na rangi ya midomo yake mpaka niridhike. Baada ya hapo anachukua mkoba wake wa vifaa na kwenda kazini. Haondoki na hata tone moja. Hakuingia humu kwa kupenda, kwani masharti ya sheria ni umri usiopungua miaka 18, uraibu wa angalau miaka miwili na kushindwa mara mbili katika tiba nyingine. Wagonjwa wengi wa Uswisi wanatibiwa kwa methadoni na dawa za aina hiyo, wala sikuombi ulete heroini Tanzania. Ninachotaka ukione kwa mzee huyu ni kwamba siku alipokuja, alipokelewa.

Mdogo wangu hakupokelewa hivyo. Alikuwa teja, na nalitumia neno hilo kwa sababu mtaani lilikuwa limeshafuta jina alilopewa na baba yetu. Asubuhi moja, baada ya usiku wa arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, alimwambia mama yetu ampeleke kwenye tiba. Kituo walichofikia kiliwakaribisha kwa adabu, nao wakaambiwa warudi na barua ya serikali ya mtaa, warudi tena kwa vipimo, kisha wasubiri kuitwa. Mheshimiwa, arosto iko hivi: makamasi, tumbo linalokata, mifupa inayouma kana kwamba inasagwa, jasho la baridi, na katikati ya yote hayo mtu anajua kwamba kete moja itayamaliza kwa dakika tano. Alijikaza siku nne sebuleni kwa mama, amejifunika blanketi kwenye joto la Januari. Siku ya tano alirudi kijiweni, akatumia kiasi kile kile alichokizoea, na mwili uliokaa siku nne bila unga haukukihimili. Wenzake wawili walikuwepo, wakammwagia maji na kumpiga makofi, kwa sababu hawakuwa na kingine cha kufanya. Kituo chenyewe sikitaji. Waliokuwa zamu walifuata utaratibu waliopewa, na utaratibu ndio ninaoulalamikia.

Tangu hapo nimekuwa nikizisoma nchi za Ulaya kwa jicho hilo moja, na kila nilipotazama nimekuta habari ile ile.

Ureno ndiyo inayotajwa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya tisini nchi hiyo ya watu milioni kumi ilikadiriwa kuwa na watumiaji wa heroini wapatao laki moja, na mtaa wa Casal Ventoso jijini Lisbon ulikuwa na sifa mbaya kuliko yote. Mwaka 1998 serikali iliunda kamati ya wataalamu, mmoja wao akiwa daktari João Goulão, na kuanzia Julai 2001 kukutwa na dawa isiyozidi matumizi ya siku kumi kukaacha kuwa kosa la jinai. Dawa hazikuhalalishwa, na wauzaji wanaendelea kufungwa. Mtumiaji anaitwa mbele ya tume ya watu watatu iliyo chini ya afya, si mahakama, inayomuuliza ana hali gani na anahitaji nini. Wageni wengi hufunga daftari hapo. Lakini pamoja na sheria hiyo Wareno walifungua vituo vya tiba, na Lisbon ikawa na magari ya methadoni yanayosimama mahali pale pale kwa saa zile zile kila siku, ambapo mtu anafika, anaonana na mhudumu, anakunywa dozi yake kwenye kikombe na kuendelea na safari yake. Maambukizi mapya ya VVU kwa wanaojidunga, yaliyozidi elfu moja kwa mwaka mwanzoni mwa karne, yakashuka hadi makumi machache.

Kisha ukaja msukosuko wa uchumi. Mwaka 2012 taasisi iliyoshika kinga, tiba na upunguzaji wa madhara chini ya paa moja ilivunjwa, na vituo vyake vikagawiwa mamlaka za afya za mikoa. Sheria ya mwaka 2001 ilikuwa bado ipo, lakini miaka ilivyosonga foleni zilirefuka, na wakazi wa Porto na Lisbon wakaanza tena kulalamika kuhusu watu wanaojidunga barabarani. Mwaka 2024 serikali iliunganisha huduma upya katika taasisi moja. Anayetaka kuiga Ureno aanze na bajeti ya vituo.

Ugiriki ililipia kosa hilo kwa haraka zaidi. Foleni ya methadoni jijini Athens ilihesabiwa kwa miaka, na sindano safi zilikuwa haba. Wanaojidunga waliogunduliwa na VVU walikuwa chini ya ishirini kwa mwaka, mpaka mwaka 2011 walipozidi mia mbili, na mwaka uliofuata wakawa wengi zaidi. Ndipo vituo vipya vilipofunguliwa ndani ya hospitali za umma na sindano zikagawiwa kwa wingi, maambukizi yakarudi chini. Huduma hizo zingewezekana kabla ya wagonjwa hao.

Ufaransa, kwa upande wake, iliufanya umbali kati ya mlango na dozi uwe mfupi kuliko wote. Kuanzia mwaka 1996 daktari wa kawaida wa mtaani aliweza kuandika buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu wa heroini, na mgonjwa akaichukua kwenye duka la dawa la jirani. Baadhi ya vidonge viliuzwa vichochoroni, na wakosoaji walikuwa na haki ya kulisema hilo. Hata hivyo, kati ya mwaka 1995 na 1999 vifo vya kuzidisha dawa vilipungua kwa asilimia 79, na serikali ikaona ni afadhali kurekebisha usimamizi kuliko kuufunga mlango.

Uskoti inastahili kutazamwa kwa sababu bado inaumia. Mwaka 2020 watu 1,339 walikufa huko kwa dawa za kulevya, katika nchi ya watu milioni tano na nusu. Mwaka 2021 Waskoti waliandika viwango vya kitaifa vya tiba, na cha kwanza kabisa kinasema kwamba anayefika kuomba dawa awe na nafasi ya kuanza siku hiyo hiyo. Walikuwa wameshatangulia, tangu mwaka 2011, kuwagawia waraibu na ndugu zao naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidiwa, inayochomwa pajani au kupulizwa puani na mtu yeyote aliyeelekezwa kwa dakika chache. Mwaka 2024 vifo vilikuwa 1,017. Bado ni vingi mno, hasa kwa kuwa sasa nitazeni, dawa za kutengenezwa maabara zenye nguvu kupita heroini, zinachanganywa katika kete. Hilo linatuhusu moja kwa moja. Heroini inayoletwa pwani yetu kwa majahazi inatoka Afghanistan kama ile ya Ulaya, na kilimo chake kilipigwa marufuku huko mwaka 2022. Unga ukiadimika, muuzaji hutafuta cha kujazia.

Kuhusu kinga nitasema kidogo, kwa kuwa si fani yangu. Iceland, ambako mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema walilewa katika mwezi uliotangulia, ilifikia asilimia 5 mwaka 2016. Haikufika hapo kwa mhadhara wa siku moja wa kutisha wanafunzi. Wazazi walikubaliana saa za watoto kuwa nyumbani, manispaa zikalipia michezo na muziki, na kila shule ikapewa takwimu zake yenyewe.

Mheshimiwa Waziri, nchi yetu haikuchelewa. Mwaka 2011 Muhimbili ilifungua huduma ya methadoni ambayo ilikuwa ya kwanza ya umma katika bara hili kusini mwa Sahara, na wauguzi walioianzisha nawaheshimu kuliko ninavyoweza kuandika. Ombi langu linajenga juu ya kazi yao. Naomba uagize kila kituo kiandike tarehe mbili kwa kila mraibu, ile aliyofika mara ya kwanza na ile aliyopata dozi ya kwanza, hata kama aliambiwa arudi na hakurudi, na hesabu ya siku zilizo katikati itangazwe kila robo mwaka, kituo kwa kituo. Barua ya mtaa na vipimo visivyo vya lazima kwa usalama wa dozi vifuate baadaye, mgonjwa akiwa ameshatulia. Naomba pia kijiwe kisisafishwe na polisi kabla huduma ya tiba haijafika karibu nacho, na naloksoni iwafikie akina mama na wale vijana wanaokaa kijiweni, kwa sababu anapozidiwa mtu, wao ndio huwa karibu.

Nitakuwa Tanga kwa mama mwezi Desemba. Ukinihitaji, nitapanda basi hadi Dodoma siku hiyo hiyo.

Wako katika huduma,

Muuguzi, mzaliwa wa Tanga
Zurich, Uswisi