Sanamu za Amani zisiwe za saruji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza kwamba Bustani ya Mimea ya Amani, kule Muheza, ijengewe sanamu za simba, twiga na tembo ili watu wapate hamu ya kupanda mlimani. Kwenye sanamu niko naye. Kwenye saruji ndipo tunapoachana.

Nimezaliwa Mombo, na utotoni kazi yangu ilikuwa kuamia ndege kwenye mpunga. Aliyewahi kuifanya hahitaji kusimuliwa. Unapanda dunguni alfajiri na teo lako na debe bovu, unapiga kelele mpaka sauti inakauka, na kwelea kwelea wanakutazama tu. Mama alipochoka kutukuta tumesinzia, alichukua kanzu ya marehemu babu, akaijaza majani makavu, akaivika kofia ya ukindu, tukamsimamisha huyo mzee katikati ya majaruba. Siku tatu za mwanzo ndege hawakusogea. Siku ya nne wakatua begani kwake. Kufika Ijumaa walikuwa wanajisaidia juu ya kofia. Mama akatuambia, "Mnamwacha pale pale kila siku, wamfanye nini kama si mti? Mhamisheni, mbadilisheni nguo." Tukamhamisha, na kweli ndege wakashtuka upya. Ikawa ndiyo kazi ya kila asubuhi, kumtafutia mzee mahali papya.

Habari hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa mpaka mwezi Oktoba mmoja nilipokwenda kumtembelea binti yangu Marekani, katika mji wa Atlanta. Alinipeleka kwenye bustani ya mimea ya mji ule (kiingilio sikitaji, kwa sababu alinificha risiti). Nilijiandaa kuona maua. Nikakuta sanamu za kuamia ndege! Zimepangwa kando ya njia, huku na huku, na hakuna mpunga wala mtama wa kulinda. Ni mchezo wao wa majira yale majani yanapogeuka rangi: shule inaleta sanamu yake, familia yake, kampuni yake, kikundi cha majirani chake. Msimu ukiisha zinaondolewa. Mwaka unaofuata zinakuja nyingine.

Palikuwa na bwana mmoja aliyeundwa kwa sufuria na miko, tumbo lake chungu kizima. Palikuwa na mwalimu aliyeshonewa gauni la kurasa za vitabu vikuukuu, miwani puani, na mimi kwa kuwa nimefundisha miaka 34 nilimpa shikamoo. Binti yangu akaangalia pembeni. Lakini aliyenimaliza ni bi harusi aliyevikwa shela la chandarua, maana nikimtazama namwona jirani yangu mmoja ambaye simtaji. Mjukuu akaniuliza, "Bibi, hawa wanafukuza ndege gani?" Hapo ndipo nikamsimulia mzee wa Mombo, na katika hadithi yote hiyo alichokipenda ni ile kofia na walichoifanyia ndege.

Pale pale kuna mwanamke mkubwa wa chuma aliyevikwa mimea hai kuanzia nywele mpaka mikono, kimo chake kinapita mita 7, maji yanamwagika kutoka kiganjani mwake. Alikuja na maonyesho ya mwaka 2013, watu wakampenda, akabakishwa. Nikataka kusema basi, huyu ndiye simba wao wa saruji. Kumbe hata yeye havai nguo moja, mimea yake hupandwa upya kila mwaka.

Nikazungumza na mama mmoja aliyekuwa amekaa benchi moja nami. Nyumbani kwake ni karibu tu na bustani, na huja kila Oktoba. Miti anaijua yote, anakuja kutazama safari hii jirani zake wamezua nini. Nimelifikiria sana jambo hilo, Mhariri. Bustani yao ilianzishwa mwaka 1976 na ina hekta kama 12 tu. Amani yetu ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, nayo ina takriban hekta 300 za miti iliyoletwa kutoka pembe zote za dunia, mikwinini ikiwemo. Kwa miti hawatufikii. Lakini mwulize mtu wa hapa Tanga mjini, wa Chumbageni au Ngamiani, amefika Amani mara ngapi. Atakwambia mara moja, alipokuwa darasa la sita, na gari liliwakwamia matopeni.

Simba wa saruji hatamrudisha mtu huyo. Nimewaona simba hao katika miji kadhaa. Mwaka wa kwanza watu wanapiga nao picha. Mwaka wa pili rangi inababuka, wa tatu sikio linakatika na nondo inachungulia, na baada ya hapo ni mahali pa kuegeshea bodaboda. Ndege wameshamzoea.

Halafu simba wa nini Amani? Msitu ule una wenyewe. Kuna kinyonga wa pembe tatu, kuna hondohondo, kuna vipepeo ambao wanavijiji walikuwa wakiwafuga na kuuza mabundo yao (viwavi waliokwisha kujifunga ganda) nje mpaka usafirishaji wa wanyama hai ulipozuiwa mwaka 2016. Kuna bundi mkubwa wa Usambara, ingawa huyo najua wazee watataka awekwe mbali na mlango. Kuna reli ndogo iliyokuwa ikipanda kutoka Tengeni mpaka Sigi kuchukua mbao, na nyumba ya stesheni ingali imesimama. Mwanafunzi akitengeneza hilo treni kwa mabua, ameshasoma historia bila kukaripiwa.

Na kuna Saintpaulia. Dukani karibu na kwa binti yangu huuzwa katika vikopo, kando ya nyanya. Ua hilo lilitoka hapa kwetu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la familia hiyo. Nilimwuliza muuza duka linatoka wapi, akasema Florida. Sikumcheka, kwa sababu mkonge wetu ndio uliotoka Florida, aliouleta Richard Hindorf mwaka 1893, na wangapi hapa Tanga wanadhani uliumbwa Pongwe?

Mkonge huo ndio ninaotaka utumike. Katani fupi zinazobaki korona, yaani kiwandani mkonge unakosindikwa, zile zisizofaa kamba, zinajaza mwili wa sanamu vizuri kuliko majani ya mpunga. Nasema hivyo nikiwa na sababu. Majani ya mpunga huja na mbegu za magugu, na Amani si mahali pa kuchezea mbegu. Mti wa Maesopsis uliletwa na Wajerumani hao hao, ukapandwa, kisha hondohondo wakala matunda yake na kuusambaza mpaka ndani ya msitu wa asili, na haujatoka mpaka leo. Kwa hiyo sanamu zijazwe katani, zivikwe ukindu, makuti na nguo kuukuu. Zisipigiliwe msumari kwenye mti wowote. Plastiki ibaki nyumbani. Shughuli hii haitakuwa na maana kama tutawaachia watu wa hifadhi takataka za kuokota.

Wakati unaofaa ni mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa na masika yameisha, maana barabara ya Muheza kupanda Amani wakati wa mvua tunaijua. Machungwa ya Muheza nayo huwa tayari, na mtu aliyeshuka mlimani na njaa hununua fungu zima bila kupatana bei. Shule za Muheza, Korogwe na Tanga mjini zilete sanamu moja moja. Wakihitajika wa kuwafundisha watoto kufunga kiunzi kisianguke, vijana wanaosoma sanaa kule TaSUBa, Bagamoyo, hawako mbali. Wenye bustani waombwe ruhusa kwanza, wao ndio wachague njia zipi ziwekwe sanamu na zipi ziachwe zilivyo.

Mimi niko tayari kuleta ya kwanza. Kanzu ninayo, kofia nitasuka.

Na msimu ukiisha, sanamu zisichomwe moto. Zipelekwe Mombo. Mpunga bado unalimwa kule, na kwelea kwelea hawajastaafu kama mimi.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga